Ngazi inakungoja, tukio halikungoji

Mwezi wa tatu mwaka huu, mama yangu aliamka alfajiri akakuta simu yake imezimika. Mama anauza unga wa mahindi sokoni, hapa Lubumbashi, na wateja wake wakubwa hawafiki kwenye meza yake. Wanapiga simu asubuhi na mapema, wanasema wanataka mifuko mingapi, kisha wanamtuma kijana kuichukua. Siku ile umeme ulikuwa umekatwa tangu jioni, ukarudi karibu na adhuhuri. Simu ilipowaka, mama alimpigia mteja mmoja mwenye mgahawa, akajibiwa kwamba walimtafuta mara nne bila kumpata, wakanunua mifuko miwili ya kilo 25 kwa mtu mwingine. Mteja yule hajarudi mpaka leo.

Aliyemaliza chaji ni mdogo wangu, mwenye miaka 13. Nilipomuuliza kwa nini alicheza usiku kucha na hali ya umeme nyumbani anaijua, hakunidanganya. Alisema tu: "Tukio lilikuwa linaisha, yaya."

Nilifungua mchezo wenyewe nione. Ni mchezo wa bure, wa kupanga vito vya rangi, na niliyemwekea ni mimi, wakati wa likizo, ili asinisumbue nikiandika kazi yangu ya mwisho wa masomo. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, na naandika haya nikilijua hilo. Wakati ule mchezo ulikuwa na ngazi tu: ukimaliza ya 40, ya 41 inafunguka. Safari hii nilikuta juu ya kioo sanduku la dhahabu, na chini yake saa inayohesabu kurudi nyuma kuelekea tukio lijalo. Lile lililopita lilikuwa la siku tatu. Lilifungwa saa sita kamili za usiku kwa saa ya seva, maana yake saa nane za usiku kwetu. Mdogo wangu alikuwa amelipigania siku mbili na nusu, akabakiza hatua chache. Alifanya hesabu ambayo mtoto yeyote angeifanya.

Katika kitivo chetu mazungumzo juu ya michezo ya simu hayaishi. Baadhi ya walimu wetu wanasema yote ni upotevu wa muda. Wanafunzi wenzangu wanajibu kwamba ni burudani kama mpira au muziki. Naona pande zote mbili zinatia vitu viwili tofauti katika mfuko mmoja. Kuna mchezo unaokua kwa kuongezewa ngazi, na kuna mchezo unaokua kwa kuwekewa matukio yenye mwisho. Wa kwanza nautetea. Wa pili naupinga, na sababu yangu kubwa si muda ambao mchezaji anaupoteza. Ni kwamba tukio linamnyang'anya mchezaji uamuzi wa lini acheze, na mwenye umeme na mega chache ndiye anayenyang'anywa zaidi.

Tuanze na jinsi mambo yanavyofanyika. Candy Crush Saga, mchezo wa kampuni ya King, ulianza kwenye Facebook mwezi wa nne mwaka 2012, ukaingia kwenye simu mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo. Mwanzoni ulikuwa na ngazi 65. Tangu hapo ngazi mpya zimeongezwa kwa mafungu, 15 kwa 15, mpaka zimepita 10,000. Mtu aliyeanza mwaka 2012 na mtu anayeanza leo wanakuta njia ileile. Ukiwa kwenye ngazi ya 300 ukaugua mwezi mzima, utarudi kwenye ngazi ya 300. Hakuna aliyekuibia kitu.

Upande wa pili una historia ndefu vilevile. FarmVille ya kampuni ya Zynga, iliyotoka mwaka 2009, ilikuwa na mazao yanayooza usiporudi kuyavuna kwa wakati. Subway Surfers, ambayo wengi wetu tuliicheza tukiwa shule ya sekondari kwa sababu haidai intaneti, ilianza mwaka 2013 kumtembeza mchezaji mji baada ya mji: wiki chache New York, kisha mji mwingine, na kila mji ukija na wahusika wake wanaopatikana kwa muda tu. Pokémon GO ilianzisha mwaka 2018 siku ya pamoja ya kila mwezi, ambapo kwa saa tatu tu mnyama fulani anaonekana kwa wingi. Leo ni vigumu kupata mchezo mkubwa wa bure usiokuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma mahali fulani. Candy Crush yenyewe inayo matukio yake, juu ya ngazi zake.

Sababu yake si siri. Mchezo wa bure hulipwa na wachache wanaonunua vitu ndani yake, na na matangazo. Ngazi nzuri hutengenezwa na watu kwa siku nyingi, na mchezaji hodari anaimaliza kwa dakika chache. Tukio ni rahisi zaidi: ngazi zilezile za zamani zinawekewa saa na sanduku la zawadi, na mchezaji anarudi mara tano kwa siku. Tena, saa ikikaribia kwisha, mtu aliyebakiza hatua chache ndiye anayefungua mkoba. Mdogo wangu hakuwa na mkoba wa kufungua, akalipa kwa betri ya mama.

Hapo ndipo ninapoona uonevu wa kwanza. Tukio linachukulia kwamba mchezaji ana umeme kila saa, ana mega kila saa, na ana simu yake peke yake. Nyumbani kwetu simu ni moja kwa watu watatu jioni. Wengi wetu hapa kitivoni tunanunua mega kidogo kidogo, tunapima kama chumvi. Umeme ukikatwa siku mbili, mchezaji wa ngazi hakupoteza chochote isipokuwa siku mbili. Mchezaji wa tukio amepoteza pia kazi aliyoifanya kabla ya umeme kukatika. Mchezo hauulizi kwa nini hukuja. Unakuhesabia kama mtu aliyelala.

Hata saa yenyewe si yetu. Saa sita za usiku za seva ni saa saba za usiku Kinshasa na saa nane za usiku Lubumbashi, kwa maana nchi yetu ina majira mawili. Wakati wa majira ya baridi ya Marekani, dakika hiyohiyo ni saa kumi za alasiri kule California, ambako kampuni nyingi za michezo zina ofisi. Mtoto wa kule anamaliza tukio akitoka shuleni. Mtoto wa Katuba analimaliza chini ya blanketi, akijificha. Hakuna aliyekusudia kumkosesha usingizi mtoto wa Katuba, hakukumbukwa tu. Lakini ngazi haina haja ya kumkumbuka mtu yeyote. Inakaa pale, na kila mmoja anaikuta kwa saa yake.

Uonevu wa pili umo katika lugha, na hapa nadhani sisi wa Kitivo cha Lugha tuna la kusema kuliko wenzetu wa vitivo vingine. Taarifa ambazo michezo hii inatuma kwenye simu zetu huja kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Nilijaribu kuziandika kwa Kiswahili, moja ya kila aina. Ya kwanza: "Ngazi mpya zimefunguliwa." Ya pili: "Tukio linaisha." Zitazameni sentensi hizi mbili kama tunavyozitazama darasani.

Katika ya kwanza kuna -me-. Tendo limetimia na matokeo yake bado yapo: zimefunguliwa, basi ziko wazi, na kesho zitakuwa wazi. Pia kuna kauli ya kutendwa, ambayo inakubali kwamba yupo aliyefungua. Katika ya pili kuna -na-, jambo liko njiani, na kitenzi ni "kuisha", ambacho hakina mtenda. Mvua inaisha, mwaka unaisha, chakula kinaisha. Hatuulizi nani anaimaliza mvua. Hata jina lenyewe, "tukio", limetoka katika "kutukia", na jambo lililotukia ni jambo lililompata mtu bila mtu kulitaka. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 anaposema "tukio lilikuwa linaisha", anaongea kama mtu aliyekimbia mvua. Hajui kwamba mvua hii ina mtu anayeshika bomba.

Kwamba mtu huyo yupo, ushahidi ni mwingi. Mwaka 2020, wakati wa Covid-19, zile saa tatu za Pokémon GO ziliongezwa zikawa sita. Mwaka 2022 zilirudishwa kuwa tatu. Hakuna kilichobadilika angani. Watu walikaa mezani wakaamua. Na mwezi wa tano mwaka 2024, mamlaka ya Uholanzi inayolinda wanunuzi iliitoza kampuni ya Epic Games faini ya euro 1,125,000 kwa sababu ya duka la ndani ya Fortnite. Mojawapo ya makosa ambayo mamlaka ile ilisema imeyaona ni saa za kuhesabu kurudi nyuma ambazo hazikusema kweli: saa ilionyesha kwamba kitu kinakwisha, na kumbe kiliendelea kuuzwa. Epic haikukubaliana na uamuzi huo. Lakini swali lenyewe linatosha kutufundisha jambo: saa ya mchezo ni maneno ya mtu, na maneno ya mtu yanaweza kupimwa kama ni kweli.

Kwa hiyo tafsiri ya haki ya ile taarifa ya pili si "Tukio linaisha." Ni "Tutalifunga tukio usiku huu." Wekeni sentensi hiyo kwenye kioo cha simu, mtoto atauliza: nani analifunga, na kwa nini usiku? Akishauliza hivyo, ameanza kupona.

Sasa niwasikilize wanaonipinga, maana nimeongea nao, na wana hoja.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili aliniambia kwamba tukio linaleta watu pamoja. Ngazi unaicheza peke yako, kila mtu yuko mahali pake. Tukio mnalicheza wote wiki moja, mnalizungumzia, mnasaidiana. Alinipa mfano wa mpira: fainali haikungoji, na hakuna anayeiita uonevu. Ni kweli, na furaha ya kuwa pamoja siidharau. Lakini fainali inaisha kwa sababu watu 22 wamechoka na jua limetua. Tena ukiikosa fainali, hakuna anayekuja kukunyang'anya mechi ulizotazama kabla. Tukio la simu lingeweza kubaki wazi mwezi mzima bila kumchosha mtu yeyote, na linapofungwa linafuta siku mbili na nusu za kazi yako. Hapo ndipo mfano wa mpira unapovunjika.

Mwingine alinikumbusha kwamba ngazi nazo zina mitego. Mchezo wenye ngazi zaidi ya 10,000 hauna mwisho, na kitabu kisicho na mwisho si kitabu. Tena Candy Crush inakupa nafsi tano tu. Ukizimaliza, kila moja inachukua dakika 30 kurudi, au ununue. Hiyo nayo ni saa. Hoja hii naikubali nusu. Ngazi zisizo na mwisho zinaweza kumla mtu, na nimewahi kuliwa. Lakini tazameni saa ile inaelekea wapi. Saa ya nafsi inakuambia: nenda, urudi baadaye. Saa ya tukio inakuambia: usiende. Ya kwanza ukiipuuza unapata nafsi zako zote tano, na umepata pia mapumziko. Ya pili ukiipuuza unapoteza. Nikilazimishwa kuchagua mtego mmoja wa kumwekea mdogo wangu, nitachagua ule unaomwacha aende kulala.

Hoja ya tatu ni ya mwalimu wetu mmoja, na ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Alisema methali zetu zenyewe zinaunga mkono tukio: chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Dunia haimngoji mtu, akasema. Mtihani una tarehe, soko lina saa, na kijana asiyejifunza kuwahi atapata shida. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima. Jibu langu ni kwamba methali ile inamhimiza mtu kwa ajili ya kitu kilicho chake, mwana wake, shamba lake. Mama anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu unga ni wake na wateja ni wake. Haraka ya mdogo wangu haikuwa ya kitu chake. Iliazimwa kwake siku tatu, na ilipokwisha hakubaki na chochote, si sanduku, si usingizi. Kitu cha kweli kilichokuwa na saa usiku ule kilikuwa simu ya asubuhi ya mteja, na hicho ndicho alichokikosesha. Haraka ya uongo ilikula nafasi ya haraka ya kweli.

Sidai kwamba michezo iondolewe wala kwamba kampuni zifanye kazi bila kulipwa. Wanaotengeneza ngazi wanakula kama sisi. Ninachodai ni kidogo, na kimekwisha kuonekana kwamba kinawezekana. Halo Infinite, ambao si mchezo wa simu lakini upande wake wa kucheza na wengine ni wa bure, ulitoka mwaka 2021 ukiwa na pasi za msimu zisizokwisha: ukishanunua, unaimaliza unapoweza, hata baada ya mwaka. Mchezo wa simu unaweza kufanya vilevile. Tukio linaweza kuanza kuhesabu siku ile mchezaji anapolifungua, si siku ile ofisi inapolitangaza. Linaweza kurudi baada ya miezi michache likamkuta mtu pale alipoachia. Likifungwa, liache kazi iliyofanyika ibaki imehesabiwa. Kwa mabadiliko hayo matatu tukio linakuwa ngazi yenye sherehe, na sitakuwa na ugomvi nalo.

Kwetu sisi hapa kitivoni kuna kazi pia. Siku si nyingi baadhi yetu tutaajiriwa kuitafsiri michezo hii kwa Kiswahili, maana wachezaji wa lugha yetu ni wengi na kampuni zinajua kuhesabu. Tutakapopewa sentensi ya "linaisha", tujue tunachokitia mkononi mwa mtoto. Mtafsiri hana uwezo wa kuiondoa saa, lakini ana uwezo wa kuandika "tutalifunga" badala ya "linaisha", na ana uwezo wa kutaja saa ya Lubumbashi badala ya saa ya seva. Na wenzetu wanaosomea kompyuta, ambao wengine wameshaanza kutengeneza michezo midogo yao, wanaweza kuanza na ngazi. Kwao pia umeme unakatika. Wanajua maana ya kurudi baada ya siku mbili ukakuta kitu chako kipo.

Nyumbani tulifanya mambo mawili. Mama aliweka sheria kwamba simu inalala chumbani kwake, ikiwa na chaji au bila chaji. Mimi niliufuta ule mchezo, nikamwekea mdogo wangu mwingine wa kupanga namba, wenye ngazi peke yake, usiohitaji mega. Alinuna siku mbili. Kisha mitihani ikaja, akauacha wiki tatu nzima bila kuambiwa na mtu. Alipoufungua tena alikuwa kwenye ngazi ya 57, palepale alipoachia. Akanionyesha kioo kana kwamba amekuta pesa katika suruali ya zamani.

"Yaya," akasema, "ilikuwa inaningoja."